Edmund Arudi kwa Nduguze: Somo Juu ya Hadithi ya "Simba, Mchawi na Kabati la Nguo"



Somo letu la mara hii latoka katika kitabu cha hadithi cha watoto. Pengine mtu atauliza: gazeti la parishi lina kazi gani na habari za wanyama wasemao, na kabati la nguo ambalo ndani yake mna nchi nyingine? Twamjibu kwa kumkumbusha Nabii Nathani. Alipotumwa kwa Mfalme Daudi, hakuanza kwa kusema, "Ee mfalme, umekosa." Alianza kwa hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akaisikiliza, akakasirika, akatoa hukumu, na ndipo akaonyeshwa kwamba aliyehukumiwa ni yeye mwenyewe. Someni tena 2 Samweli 12. Hadithi iliingia mahali ambapo karipio lingezuiliwa mlangoni.

Twawaandikia hasa walimu wa Shule ya Jumapili, wazazi, na wazazi wa ubatizo, yaani wale wote walioahidi mbele ya Kanisa kwamba watawalea watoto katika imani. Wasiosoma Kiingereza wasione taabu: habari yenyewe tutaieleza hapa kwa maneno yetu, hata nao wapate kuisimulia nyumbani.

MWANDISHI NA KITABU

Mwandishi ni C. S. Lewis, aliyezaliwa mjini Belfast mwaka 1898. Baba wa mama yake alikuwa padre wa Kianglikana, naye alibatizwa angali mchanga. Mama yake alifariki mwaka 1908, mtoto hajatimiza miaka kumi. Alipokuwa kijana aliiacha imani kabisa, akasema hakuna Mungu. Baadaye akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, na huko, baada ya kusoma sana na kubishana sana na rafiki zake, mmojawapo akiwa J. R. R. Tolkien, akarudi kuwa Mkristo mwaka 1931. Hakupata kuwa padre. Alikuwa muumini wa kawaida aliyesali katika kanisa la parishi yake la Holy Trinity, Headington Quarry, karibu na Oxford. Alifariki mwaka 1963, na kaburi lake liko uani mwa kanisa hilohilo.

Kitabu hiki kilitoka mwaka 1950. Kilifuatwa na vingine sita hata mwaka 1956, vyote vya habari za nchi iitwayo Narnia. Wako pia waliotazama filamu yake iliyotolewa mwaka 2005, lakini sisi tutashika kitabu.

HABARI YENYEWE KWA UFUPI

Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, watoto wa Uingereza walihamishwa kutoka miji mikubwa wasiuawe na mabomu ya ndege. Katika siku za kwanza za Septemba 1939 walihamishwa watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule. Nyumba ya Lewis mwenyewe ilipokea watoto wa namna hiyo. Basi katika hadithi, watoto wanne wa tumbo moja, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanapelekwa kukaa shamba, katika nyumba kubwa ya mzee mmoja, Profesa.

Siku ya mvua Lucy, aliye mdogo wa wote, anaingia katika kabati la nguo. Anapita katikati ya makoti ya manyoya, anakanyaga kitu baridi chini ya miguu, na mara yuko msituni penye theluji na nguzo ya taa inayowaka. Hapo anakutana na Bwana Tumnus, nusu mtu na nusu mbuzi, ameshika mwavuli na vifurushi. Nchi hiyo inatawaliwa na Malkia mchawi aliyeifanya iwe baridi daima, na Krismasi isifike kamwe. Akiudhiwa na mtu humgeuza jiwe.

Edmund naye anaingia, anakutana na Malkia, anapewa vitu vitamu, anaahidiwa kuwa mwana wa mfalme, na hatimaye anawatoroka nduguze ili awauze kwake. Lakini Simba mkuu, Aslan, mwana wa Mfalme wa Ng'ambo ya Bahari, yu njiani, na mahali apitapo theluji inayeyuka. Edmund anaokolewa. Ndipo Malkia anaidai damu yake, kwa kuwa kwa sheria ya tangu mwanzo kila msaliti ni mali yake. Aslan haikani sheria ile. Anajitoa yeye mwenyewe usiku, anafungwa kamba, ananyolewa manyoya, anadhihakiwa, anachinjwa juu ya Meza ya Jiwe. Asubuhi Meza imepasuka vipande viwili, naye yu hai. Anawapulizia pumzi waliogeuzwa mawe, nao wanaamka. Malkia anashindwa vitani, na watoto wanne wanatawazwa kuwa wafalme na malkia wa Narnia.

Kila asomaye Injili ataona mara moja hadithi hii imetoka wapi. Lakini tusikimbilie huko upesi. Kwanza tuwatazame wahusika mmoja mmoja, maana Lewis ameweka mafundisho yake ndani ya matendo yao.

WAHUSIKA

Lucy. Yeye ni mdogo, na ni msema kweli. Anaporudi na kueleza habari za msitu, wakubwa wanafungua kabati, wanaona mbao tupu za nyuma. Anaambiwa amebuni. Angeweza kusema, "Nilikuwa natania," akarudishiwa raha yake. Hasemi hivyo, kwa sababu haikuwa kweli. Analia siku nyingi kuliko kusema uongo mmoja. Hapa walimu wana jambo kubwa la kuwaonyesha watoto: mara nyingine msema kweli hukaa peke yake.

Profesa. Peter na Susan wanamwendea wakidhani Lucy ana ugonjwa wa akili. Mzee anawauliza: kati ya Lucy na Edmund, ni nani kwa kawaida asemaye kweli? Wanajibu ni Lucy. Basi, asema, kuna njia tatu tu: anadanganya, au ana wazimu, au anasema kweli. Mnajua hadanganyi, na wazimu hana. Basi hadi upatikane ushahidi mwingine, hatuna budi kudhani anasema kweli. Twapenda sana sura hiyo. Mzee hakumwamini mtoto kwa huruma tu, wala hakumkataa kwa kuwa ni mtoto. Alipima. Ni watoto wangapi katika nyumba zetu wamesema jambo zito lililowapata, wakanyamazishwa kabla mtu hajapima?

Bwana Tumnus. Huyu anamkaribisha Lucy pangoni kwa chai, naye amekwisha kuchukua mshahara wa Malkia ili awakamate watoto wa binadamu. Akiwa katikati ya kutenda ubaya anaangua kilio, anakiri, anamrudisha Lucy hadi kwenye nguzo ya taa. Kwa ajili hiyo anakamatwa na kugeuzwa jiwe. Toba yake ilimgharimu. Mwekeni kando ya Edmund: mmoja alianza kwa usaliti akaishia katika wema, mwingine anatoka katika nyumba ya wema aende kusaliti. Hivyo Lewis anatuzuia kugawa watu makundi mawili, wabaya kule na wazuri huku.

Malkia. Yeye ni mzuri wa sura, mrefu, amevaa manyoya meupe, na uso wake ni mweupe kama theluji yenyewe. Hamvuti Edmund kwa kumtisha. Anamvuta kwa peremende laini za Kituruki, zilizo ndugu na halua yetu kwa kuwa nazo hupikwa kwa wanga na sukari. Msomaji wa leo huenda akacheka: mtu auze nduguze kwa halua? Lakini fikirini wasomaji wa kwanza. Huko Uingereza peremende ziligawiwa kwa vipimo tangu 1942 hata Februari 1953. Mtoto aliyekisoma kitabu mwaka 1950 hakuweza kununua peremende apendavyo hata akiwa na fedha. Alijua hasa Edmund alitamani nini! Na halua ile imetiwa uchawi wa namna moja: kadiri mtu anavyokula ndivyo anavyozidi kuitaka, asishibe hata kufa. Wenye kuwajua vijana walioingia katika pombe au kamari hawahitaji maelezo zaidi.

Peter na Susan. Peter ni mkubwa, jasiri na mwaminifu. Hata hivyo, Aslan anapouliza Edmund yuko wapi, na kuambiwa kwamba amewasaliti, Peter anasema kwamba yeye naye ana sehemu ya kosa, kwa kuwa alimkasirikia Edmund, na huenda hasira hiyo ilimsukuma kupotea. Aslan hamlaumu wala hamwambii kwamba hana kosa. Anamtazama tu. Wazazi na makaka, tusiipite sentensi hiyo haraka. Mtoto akipotea, ni wepesi wangapi wa kusema "alikuwa mbaya tangu zamani", na ni wachache wangapi wa kusema "nami nilichangia"? Susan kwa upande wake ni mpole na mwenye hadhari, apendaye kurudi nyumbani mambo yakiwa magumu. Walakini usiku wa Meza ya Jiwe ni yeye na Lucy waliomfuata Aslan gizani, wakakaa na mwili wake hata alfajiri, kama wale wanawake wa Injili.

Edmund. Huyu ndiye kitovu cha hadithi. Tazameni jinsi anavyoshuka ngazi moja moja. Kwanza anamdhihaki Lucy. Kisha anaiona Narnia kwa macho yake, halafu mbele ya Peter na Susan anakana, asema walikuwa wakicheza tu. Kisha anawaza kisasi. Kisha anatoroka mezani katika nyumba ya Bwana na Bibi Biva, wanyama wa mtoni wajengao mabwawa, wakati wenzake wakisikiliza habari za Aslan. Njiani, katika theluji na giza, anajisemea kwamba Malkia hatawatenda nduguze vibaya sana, na huku moyoni ajua kwamba yeye ni mbaya na mkatili. Katika ua wa Malkia anakuta simba wa jiwe, na kwa furaha mbaya anamchora masharubu na miwani kwa kalamu. Hakuna daraja iliyorukwa. Mtu haamki asubuhi moja akawa msaliti.

Na kurudi kwake pia ni kwa daraja. Malkia anampa mkate mkavu badala ya halua. Baadaye wanakuta wanyama wadogo wakisherehekea chakula cha Krismasi, na Malkia kwa hasira anawageuza mawe pale pale mezani. Hapo, asema mwandishi, kwa mara ya kwanza katika hadithi Edmund anamwonea huruma mtu mwingine asiyekuwa yeye mwenyewe. Bado amefungwa na hajaomba msamaha, lakini mlango umefunguka. Mwalimu mzuri hungoja dalili ndogo kama hiyo, wala hadharau.

Aslan. Jina hili ni neno la Kituruki maana yake simba. Lewis hakutaka watu waseme kwamba hadithi yake ni fumbo, ambapo kila kitu ni alama ya kitu kingine. Alieleza kwamba aliuliza swali: kama kungalikuwa na nchi kama Narnia, na Mwana wa Mungu akataka kuikomboa, angekuja kwa namna gani? Katika nchi ya wanyama wasemao angekuja kama mnyama, na Biblia imekwisha kumwita Simba wa kabila ya Yuda (Ufunuo 5:5). Bwana Biva anapoulizwa kama simba huyo ni salama, anajibu kwamba si salama hata kidogo, ila ni mwema. Watoto wetu wafundishwe yote mawili pamoja.

NAMNA ANAVYOSIMULIA

Katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wetu kwamba msimuliaji hodari hujulikana kwa mambo manne. Lewis anayo yote, na kila mwalimu wa Shule ya Jumapili aweza kuyajaribu.

La kwanza, anaanza na kitu kimoja kinachoonekana. Alisema mwenyewe kwamba kitabu kizima kilianza na picha aliyokuwa nayo kichwani tangu umri wa miaka 16, ya kiumbe nusu mbuzi akitembea katika msitu wa theluji na mwavuli na vifurushi. Hakuanza na fundisho akalitafutia hadithi. Nasi tunapofundisha habari ya Zakayo, tuanze na mti na mtu mfupi anayepanda. Tusianze kwa kusema, "Leo tutajifunza toba."

La pili, anatumia mambo madogo yafanye kazi kubwa. Lucy anapoingia kabatini anaacha mlango wazi, kwa kuwa ni upumbavu kujifungia ndani ya kabati. Edmund anapoingia anaufunga. Peter anapoingia anaurudisha pasipo kuufunga kabisa. Mtoto aweza kupita bila kuona, lakini kwa mlango mmoja tu tumekwisha kuambiwa ni nani mwenye busara na ni nani asiyefikiri. Na mwandishi analirudia onyo hilo mara kadhaa, maana alijua kuna watoto watakaokwenda kujaribu makabati ya nyumbani.

La tatu, anazungumza na msomaji kama mjomba anayesimulia kando ya moto. Mara kwa mara anageuka kwa mtoto na kumuuliza kama amewahi kulia usiku kucha hata machozi yakaisha, maana hivyo ndivyo Susan na Lucy walivyokuwa. Bibi zetu walifanya hivyohivyo. Msimulizi aliposema "Paukwa!" hakukubali kuendelea mpaka wasikilizaji wajibu "Pakawa!" Hadithi ilikuwa ya watu wawili.

La nne, na hili ndilo gumu, anajua mahali pa kunyamaza. Asubuhi baada ya Edmund kuokolewa, wenzake wanaamka, wanamwona akitembea na Aslan kwenye umande, mbali na wengine. Walizungumza nini? Mwandishi hasemi. Asema tu kwamba Edmund hakuyasahau mazungumzo yale maisha yake yote. Kisha Aslan anamleta kwa nduguze na kuwaambia kwamba huyu hapa ndugu yenu, wala hakuna haja ya kuzungumza naye habari za yaliyopita. Edmund anampa kila mmoja mkono, anasema amekosa, nao wanasema si kitu. Imekwisha. Mwalimu mwingine angeandika kurasa tatu za mawaidha hapo. Lewis ameandika mistari michache, na kwa hiyo msomaji anajaza mazungumzo yale kwa makosa yake mwenyewe.

JUU YA NENO "MCHAWI"

Wazazi wengine wametuuliza: je, ni halali kuwasomea watoto wa Kikristo kitabu chenye mchawi? Swali hilo ni la haki, na haifai kulicheka.

Jibu letu la kwanza: kitabu hakimfundishi mtoto uchawi, wala hakimfanyi autamani. Malkia hana rafiki, nchi yake haina majani wala sherehe, na mwisho wake ni kushindwa.

Jibu la pili ni onyo, nalo latuhusu sisi tusemao Kiswahili zaidi ya watu wa Oxford. Kwao neno hilo katika hadithi ya watoto ni la kale, la ngano tu. Kwetu si la ngano. Katika Tanzania, hasa mikoa ya kanda ya ziwa, wako vikongwe wengi waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi wa miaka hamsini ya kuwapikia watu chakula! Basi anayesimulia hadithi hii asiwaache watoto waende nyumbani wakimtazama bibi wa jirani kwa jicho jingine. Awaonyeshe wazi kwamba mchawi wa Lewis si kikongwe maskini wa pembeni ya kijiji. Ni mtawala mwenye enzi, mzuri, tajiri, mwenye askari na jumba. Tena hatambuliwi kwa sura yake, hutambuliwa kwa matendo yake: anamfundisha mtoto kuwachukia nduguze, anawafanya watu wawe mawe, anaipenda sheria pale tu inapompa damu. Na mwalimu akumbushe maneno ya Profesa: kabla hujamshitaki mtu, pima, uulize ushahidi uko wapi. Hadithi ikisimuliwa hivyo, itamlinda yule bibi badala ya kumhatarisha. Kama mwalimu hana hakika ya darasa lake, na aseme "Malkia wa Baridi" tangu mwanzo. Hadithi haitapungua kitu.

Tena hadithi za watu kugeuzwa mawe si ngeni kwetu. Katika "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na mna ndugu wawili waliomsaliti ndugu yao wakageuzwa manyani. Wasomaji wetu wengi walikisoma shuleni, na hatujasikia kwamba kiliwafanya washirikina. Wakiviweka vitabu hivi viwili pamoja wataona kwamba swali ni lilelile: ndugu aliyemuuza ndugu yake, atafanyiwaje?

JAMBO LILILO GUMU KWETU

Hapa ndipo twataka kukaa kidogo. Katika parishi zetu wako akina Edmund. Kijana aliiba fedha za kwaya, au binti alitoroka nyumbani, au mtoto alimsingizia ndugu yake. Amerudi. Ametubu mbele ya Padre, na amerudishwa kwenye Meza ya Bwana. Lakini mezani kwa mama yake bado anaitwa mwizi. Kila kitu kikipotea nyumbani, macho yote yanamgeukia yeye. Tumekaa na vijana wa namna hii miaka mingi, na neno lao karibu ni moja: Mungu amenisamehe, ila nyumbani bado.

Lewis aliona jambo hilo, na amelipa majibu mawili. La kwanza ni lile la Aslan, kwamba yaliyopita yasizungumzwe tena. Hakusema hayakuwapo. Yalikuwapo, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko wote walivyofikiri, na Aslan ndiye aliyeilipa. Kwa sababu imelipwa, hakuna mwingine mwenye haki ya kuidai tena.

La pili ni kwamba Edmund alipewa kazi. Katika vita, wengine walikuwa wakimshambulia Malkia mwenyewe, naye akiwageuza mawe mmoja baada ya mwingine. Edmund ndiye aliyefikiri kuipiga fimbo yake ya uchawi kwanza. Fimbo ikavunjika, na jeshi la Peter likapata nafuu, ingawa yeye alijeruhiwa vibaya. Aliyeujua ubaya wa Malkia kwa karibu ndiye aliyejua pa kupiga. Kisha alipotawazwa aliitwa Edmund Mwenye Haki. Yule aliyeponea chupuchupu hukumu ya sheria akawa mwamuzi wa mashauri. Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi kijana aliyerudi asiketishwe nyuma ya kanisa miaka yote kama mgeni wa kuangaliwa. Kwa busara na kwa wakati wake, apewe kazi.

Liko jambo moja ambalo mwandishi ameliacha wazi. Baada ya vita Lucy anamuuliza Susan kama Edmund anajua Aslan alifanya nini kwa ajili yake usiku ule. Susan asema hajui, wala haifai aambiwe, maana ni jambo la kutisha mno. Lucy aona inafaa aambiwe. Kabla hawajamaliza wanaitwa, na kitabu hakisemi kama aliambiwa. Sisi twashika upande wa Lucy. Mtu asiyejua bei iliyolipwa aweza kuudharau msamaha, au aweza kuendelea kujilipia mwenyewe maisha yake yote. Lakini wasomaji wenye fikira nyingine watakuwa na sababu zao, na ni vizuri watoto wazisikie zote mbili.

KAZI YA KUFANYA

Mwalimu aweza kuigawa hadithi hii katika Jumapili tano za Kwaresima: Lucy na kabati, Edmund na halua, nyumba ya Biva na kutoroka, Meza ya Jiwe, na asubuhi yake. Ya mwisho na iachwe karibu na Pasaka. Kila mara asimulie kwa dakika kumi na tano, halafu asome fungu la Biblia, asilifafanue sana. Haya ndiyo maswali ya kuzungumza:

1. Lucy alipoambiwa ni mwongo, kwa nini hakukubali tu ili apate amani? Wewe ungefanyaje?

2. Profesa alipimaje maneno ya Lucy? Taja jambo moja nyumbani au shuleni ambalo lingefaa kupimwa hivyo.

3. Taja hatua nne za kushuka kwa Edmund. Ni ipi iliyokuwa rahisi zaidi kuizuia?

4. Soma Mwanzo 37, tena 45:1-15. Yusufu aliwafanyia nini nduguze? Kinafanana wapi na maneno ya Aslan kwa Peter, Susan na Lucy?

5. Peter alikiri kwamba hasira yake ilisaidia kumpoteza Edmund. Wazazi wajibu swali hili peke yao, watoto wakiwa wamekwenda nje: katika nyumba yetu, ni nani tuliyemsukuma?

6. Je, Edmund alipaswa kuambiwa? Toa sababu.

Swali la tano lisifanywe haraka. Kama katika nyumba yako yuko mtu ambaye bado anaitwa kwa jina la kosa lake la zamani, anza na kumwita leo kwa jina lake la ubatizo, na chakula kikiiva, mpishe akae pamoja na wengine.